Anza na kiti: kuoanisha amplifaya na spika za sinema ya nyumbani kwa bajeti ndogo

Wengi wanaotaka sauti ya sinema nyumbani huanza kwa kununua mashine yenye namba kubwa ya wati, kisha hutafuta spika zozote za kuchomeka nyuma yake. Ndivyo nilivyoanza mimi. Wiki ya pili, katikati ya filamu, twita (kile kispika kidogo cha sauti za juu) ya upande wa kushoto ilinyamaza. Nilidhani nimeizidishia nguvu. Kumbe amplifaya ilikuwa ndogo kuliko ilivyotangazwa, nikaisukuma mpaka ikashindwa, na kushindwa kwake ndiko kulikoiunguza twita. Nitaeleza hapo chini inakuwaje.

Tangu siku hiyo huwa naenda kinyume: kiti kwanza, spika baadaye, amplifaya mwisho. Mwenye fedha kidogo hana njia nyingine salama, kwa sababu kosa moja la kuoanisha humla bajeti yote.

Hatua ya 1: Pima umbali wa kiti

Chukua futi kamba, pima kutoka pale spika za mbele zitakapokaa hadi kichwa cha mtu aliyeketi. Andika namba hiyo. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mita 3 kutoka kwenye spika utakuwa umepoteza desibeli 9.5 ukilinganisha na mita 1. Ndani ya chumba kuta hurudisha sehemu ya sauti hiyo, kwa hiyo mimi huongeza desibeli 3 kama makadirio ya kawaida. Chumba chenye mapazia mazito na zulia nene hurudisha sauti pungufu kuliko chenye sakafu tupu, lakini kwa hesabu ya kununulia kifaa, 3 inatosha.

Hatua ya 2: Soma desibeli za spika kabla ya wati zake

Nyuma ya spika au kwenye karatasi yake utakuta kipimo kama "88 dB, 1W/1m". Hiyo ni sensitiviti: spika ikipewa wati 1, mtu aliye umbali wa mita 1 husikia desibeli 88. Hii ndiyo namba yenye thamani kubwa kuliko zote kwenye karatasi ile, na ndiyo wauzaji wasiyoitaja. Wati zilizoandikwa kwenye spika hueleza inaweza kuvumilia kiasi gani kabla ya kuungua. Hazisemi lolote kuhusu ukubwa wa sauti yake.

Tufanye hesabu. Spika ya desibeli 88, kiti kiko mita 3. Toa 9.5, ongeza 3, unabaki na 81.5. Hiyo ndiyo sauti kitini kwa wati 1. Sasa kumbuka kanuni mbili tu: ukizidisha wati mara 2 unapata desibeli 3 za ziada, ukizidisha mara 10 unapata desibeli 10. Wati 10 zitakupa 91.5, wati 100 zitakupa 101.5.

Je, unahitaji ngapi? Kumbi za sinema hupangwa ili spika moja ya mbele iweze kufika kilele cha desibeli 105 kitini. Nyumbani ni watu wachache wanaovumilia hivyo. Wengi husikiliza desibeli 10 au zaidi chini yake. Tuseme unataka vilele vya 95. Kutoka 81.5 hadi 95 ni desibeli 13.5, yaani wati 22 hivi. Basi. Kila spika ya mbele inahitaji wati 22 za kweli, na ukiweka akiba ya mara 2 unafika 45.

Badilisha spika peke yake uone. Ya desibeli 91 hufika palepale kwa wati 11. Ya desibeli 85 inadai wati 45. Desibeli 6 za tofauti kati ya spika mbili ni sawa na amplifaya yenye nguvu mara 4. Ndiyo maana nasema bajeti iegemee kwenye spika: sensitiviti nzuri unailipia mara moja, na amplifaya ya kawaida inatosha.

Mtego mmoja upo hapa. Karatasi nyingine huandika "90 dB, 2.83V/1m". Volti 2.83 kwenye spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani, tutakifikia hatua ya 3) ni wati 1 kamili, lakini kwenye spika ya omu 4 ni wati 2. Kwa hiyo spika ya omu 4 iliyoandikwa hivyo ni ya desibeli 87 kwa wati 1. Ukiona volti badala ya wati, angalia omu kwanza. Ikiwa ni 4, toa 3.

Hatua ya 3: Linganisha omu

Omu hueleza spika inaipinga amplifaya kwa kiasi gani. Namba ikiwa ndogo, umeme mwingi zaidi hupita. Kwa volti ileile, spika ya omu 4 huvuta mkondo maradufu ya spika ya omu 8, na mkondo huo ndio unaochemsha amplifaya.

Geuza amplifaya, soma maandishi karibu na tundu za spika. Ikiandikwa "6–16Ω", maana yake haikutengenezwa kwa spika za omu 4. Utaiunga, itaimba vizuri kwa sauti ya chini, kisha siku ya filamu yenye milipuko itajizima na kuonyesha neno PROTECT. Ikijizima una bahati. Isiyokuwa na kinga nzuri huungua transista zake za mwisho na mara nyingi huondoka na spika.

Namba ya omu kwenye spika ni ya jina tu. Ukinzani halisi hupanda na kushuka kulingana na masafa, yaani sauti ni ya juu au ya chini kiasi gani. Viwango vya kimataifa vinaitaka spika iliyoandikwa 8 isishuke chini ya asilimia 80 ya namba hiyo, yaani 6.4, ila si kila mtengenezaji huheshimu hilo. Kwa mwenye bajeti ndogo ushauri wangu ni mwepesi: nunua spika za omu 8, au 6 kama amplifaya inaruhusu. Omu 4 ziachie amplifaya iliyoandikwa waziwazi kwamba inazimudu.

Usiunge spika mbili kwenye tundu za chaneli moja (njia moja ya sauti) bila kupiga hesabu. Mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 4. Mbili za omu 4 huwa omu 2, na hapo risiva (amplifaya za sinema ya nyumbani zenye chaneli nyingi) karibu zote za nyumbani zitalalamika.

Ziko risiva zenye mpangilio wa kuchagua omu 4, 6 au 8. Wengi hudhani ukichagua 4 mashine inapata nguvu ya kuendesha spika nzito. Kwa nyingi kati yake, mpangilio huo hupunguza volti za ndani ili mashine isichemke, na nguvu unayoipata inashuka. Fuata kijitabu chake, lakini usiinunulie risiva ndogo spika ngumu kwa kutegemea swichi hiyo.

Jihadhari pia na spika zilizotoka kwenye seti ya hom thieta ya boksi moja. Nyingi ni za omu 3 au 4, zilizooanishwa na mashine yao tu. Kuzihamishia kwenye risiva ya kawaida kunaonekana kama kuokoa fedha, na ni moja ya njia za haraka za kuiua risiva hiyo. Sabufa (spika ya besi) ya seti hizo nayo mara nyingi haina amplifaya ndani. Tundu la sabufa kwenye risiva hutoa ishara dhaifu tu, haliwezi kusukuma spika isiyo na amplifaya yake. Ukiziunga hutasikia kitu.

Hatua ya 4: Tafuta wati za kweli za amplifaya

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Namba ya wati iliyoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya boksi ndiyo ile inayojitembeza.

Ukiona PMPO, iache kabisa. Haina kipimo kinachoeleweka. Tafuta neno RMS au maelezo ya nguvu endelevu, kisha soma masharti yanayofuata. Linganisha maelezo haya mawili: "wati 80, omu 8, 20 Hz–20 kHz, THD 0.08%, chaneli 2 zikifanya kazi" na "wati 140, omu 6, 1 kHz, THD 10%, chaneli 1". La kwanza ni la mashine yenye nguvu zaidi, ingawa namba yake ni ndogo. Lile la pili limepimwa kwa mlio mmoja, kwenye chaneli moja peke yake, sauti ikiwa tayari imeharibika kwa asilimia 10 (ndiyo hiyo THD). Chaneli zote tano zikiimba pamoja, zinagawana transfoma moja, na kila moja hupata pungufu ya ile namba ya chaneli 2. Marekani iliwahi kuweka kanuni ya kupima nguvu za amplifaya za nyumbani mwaka 1974 kwa sababu ya udanganyifu wa namna hii, na bado mnunuzi analazimika kusoma herufi ndogo.

Kuna njia ya haraka ya kumbaini mwongo: soma kibandiko cha nyuma kinachoonyesha wati ambazo mashine huvuta kutoka kwenye umeme wa ukutani. Kwa risiva kamili kipimo hicho huchukuliwa ikiwa haijasukumwa hadi mwisho, kwa hiyo usikifanye ndiyo kilele chake. Lakini kisanduku kinachojiita cha wati 1000 na kibandiko chake kinasema 40W, unajua umesimama wapi. Uzito nao ni ushahidi. Amplifaya ya mtindo wa zamani yenye transfoma kubwa haiwezi kuwa nyepesi. Amplifaya za kisasa za daraja D ni nyepesi kwa haki, kwa hiyo kwa hizo angalia adapta yake ya umeme: adapta ya volti 24 na ampia 5 hutoa wati 120 kwa jumla, na amplifaya haiwezi kutoa endelevu zaidi ya inachopewa.

Sasa ile twita yangu. Amplifaya ikiombwa volti ambazo haina, vilele vya wimbi hukatwa na kuwa bapa. Mambo mawili hutokea. Sauti za chini zimefika ukomo wake lakini mkono bado unaongeza, kwa hiyo sauti za juu zinaendelea kupanda. Pili, mawimbi yaliyokatwa huzaa masafa mapya ya juu ambayo hayakuwemo kwenye filamu. Yote hayo hukimbilia twita, ambayo waya wake ni mwembamba kama unywele na huvumilia wati chache tu. Kwa hiyo usiogope amplifaya yenye nguvu kiasi kuliko spika, kama mkono wako una kiasi. Ogopa sauti ya kukwaruza. Ukiisikia, punguza papo hapo. Usimalizie onyesho kwanza.

Hatua ya 5: Mwachie sabufa kazi ya besi

Hapa ndipo palipo na nafuu kubwa kwa mwenye fedha chache. Sauti za chini ndizo zinazomeza nguvu nyingi zaidi na kusukuma koni za spika hadi mwisho wake. Sabufa yenye amplifaya ndani huubeba mzigo huo kwa umeme wake mwenyewe. Kwenye menyu ya risiva weka spika zote "Small", hata kama ni ndefu hadi kiunoni, na weka krosova (mpaka ambao besi iliyo chini yake huenda kwa sabufa) 80 Hz. Spika ndogo sana zenye wufa (koni ya sauti za chini) ya inchi 3 au 4 huhitaji 100 hadi 120. Baada ya hapo risiva inapumua, spika zinakuwa safi zaidi, na zile wati 45 tulizozihesabu zinatosha kwa kweli. Neno "Small" linawakera wenye spika kubwa. Lichukulie kama jina tu la kuhamisha besi.

Kwenye sabufa yenyewe, kitufe cha krosova kizungushe hadi mwisho wa juu au utumie tundu la LFE (linaloiruka krosova ya sabufa), ili risiva peke yake iamue masafa. Krosova mbili zikifuatana hutoboa tundu katikati ya besi.

Hatua ya 6: Nunua kwa awamu

Usinunue spika tano dhaifu kwa mkupuo. Nunua risiva ya chaneli tano, iliyotumika ikibidi, na spika mbili nzuri za mbele. Kaa nazo mwezi. Kinachofuata kitategemea viti. Kama ni wewe peke yako, umeketi katikati, maongezi yatasikika yakitoka katikati ya skrini bila spika ya kati, kwa hiyo leta sabufa. Kama familia inakaa kuanzia ukuta hadi ukuta, anayekaa pembeni atasikia maneno yakitoka kwenye spika iliyo karibu naye, basi spika ya kati itangulie. Hiyo ndiyo hubeba karibu maongezi yote ya filamu.

Spika tatu za mbele ziwe za mfululizo mmoja wa mtengenezaji mmoja kama inawezekana, maana gari likivuka skrini kutoka kushoto kwenda kulia hutaki mlio wake ubadilike njiani. Za pembeni hazina ukali huo. Chochote chenye omu sahihi kitafaa. Ziweke pembeni mwa kiti, nyuma yake kidogo, nyuzi 100 hadi 120 kutoka katikati ya skrini, juu kidogo ya masikio. Za mbele ni nyuzi 30 kila upande.

Kununua vilivyotumika

Risiva huporomoka thamani kwa sababu ya matundu ya video, si kwa sababu amplifaya yake imechoka. Risiva ya zamani isiyopitisha picha za kisasa, au hata isiyo na HDMI kabisa, bado inaweza kuwa na transfoma bora kuliko mpya ya bei hiyo. Peleka picha moja kwa moja kwenye televisheni, na sauti irudi kwa waya wa optiki, unaobeba Dolby Digital na DTS, mifumo ya sauti ya filamu, za chaneli 5.1 (spika tano na sabufa). Kwenye televisheni chagua "Bitstream". Ukiacha "PCM" waya huo hupitisha chaneli mbili tu, na utadhani risiva ni mbovu.

Unapokwenda kukagua beba simu yenye muziki, waya wa kuiunganisha, betri ya volti 1.5 na multimita. Jaribu kila chaneli kwa spika ileile moja. Zungusha kitufe cha sauti polepole: mkwaruzo mdogo unaopotea ukikizungusha mara kadhaa ni vumbi, chaneli inayokuja na kupotea ni jambo jingine. Iache iimbe dakika 20, jaribu kila tundu la HDMI kama yapo, kisha sogeza pua. Harufu ya kuungua haidanganyi.

Kwa spika, ondoa kitambaa cha mbele. Duara la povu linalozunguka wufa huoza kwa miaka. Liguse kwa kidole, likimeguka spika inahitaji ukarabati. Sukuma koni ndani taratibu kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa. Ukisikia kukwaruza, koili imepinda au imeungua. Multimita kwenye spika ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7, kwenye ya omu 4 husoma 3 hadi 4. Ikionyesha mzunguko umekatika, wufa imekufa. Kipimo hicho hakioni twita, kwa hiyo weka sikio karibu nayo muziki ukicheza.

Waya

Shaba tupu, milimita za mraba 1.5 kwa spika za mbele. Inatosha. Waya ukienda mita 10 na kurudi mita 10, ukinzani ni omu 0.23, chini ya asilimia 3 ya spika ya omu 8. Kwa spika ya omu 4 umbali huohuo tumia 2.5. Waya mwembamba wa 0.5 unaofungashwa bure na spika ungekupa omu 0.69 hapo, nguvu yako ikapotea ukutani. Kagua pia kama ni shaba kweli: kwangua ncha kwa kisu, ikiwa nyeupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, chagua saizi inayofuata.

Nyekundu iende kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi, na hakikisha hakuna uzi hata mmoja unaogusa wa jirani. Usiunge mashine ikiwa imewashwa. Kama rangi zimefutika, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye tundu za spika kwa sekunde moja: koni ikitoka nje, upande wa chanya wa betri ndio chanya wa spika. Spika moja ikigeuzwa, besi hutoweka na sauti huonekana haina makao.

Kuweka viwango

Maikrofoni ya risiva, ambayo mashine huitumia kupima na kupanga spika yenyewe, iwekwe pale kiti kilipo, urefu wa masikio, kwenye kitu kisichokuwa mkononi mwako. Nyamazisha feni na watu. Ikimaliza, ingia kwenye menyu ukague alichoamua mpimaji huyo wa mashine: mara nyingi spika za mbele amezifanya "Large", zirudishe "Small" na 80 Hz. Umbali wa sabufa ukionekana mrefu kuliko halisi uache, anafidia ucheleweshaji wa amplifaya ya ndani. Kama risiva haina maikrofoni, tumia sauti yake ya majaribio na programu ya desibeli kwenye simu, lenga 75 kitini kwa kila spika. Simu si kipimo sahihi, lakini unachotafuta ni usawa wa spika zote, na hilo inalimudu. Kwa sabufa simu haiaminiki sana, hapo sikiliza kwa masikio.

Sehemu ya sabufa tafuta hivi: iweke juu ya kiti chenyewe, cheza wimbo wenye besi inayotembea, kisha wewe tambaa kando ya kuta. Mahali utakaposikia besi iliyo sawa, isiyovuma kwenye noti moja na kufa kwenye nyingine, ndipo pa kuiweka. Haigharimu kitu, na mara nyingi inashinda kununua sabufa kubwa zaidi.

Achia nafasi ya sentimita 10 au zaidi juu ya risiva, na usiweke king'amuzi juu ya matundu yake. Baada ya filamu nzima weka kiganja juu ya mfuniko. Vuguvugu ni kawaida. Ikiwa huwezi kukiacha kiganja hapo, rudi kwenye omu na krosova, au punguza sauti, kabla ya filamu inayofuata. Na ukisogeza sofa, pima upya kwa maikrofoni kabla ya kugusa kitufe kingine chochote.